Ada ya dola 265 au ya dola 495: Shangazi, tuchukue nyumba ipi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili. Tuko Maryland huu mwaka wa tisa, tumepanga fleti ya vyumba viwili Silver Spring na kodi imeshafika dola 2,150 kwa mwezi. Mimi nahudumia wazee, zamu za usiku. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi, anatembea na gari la kazi. Tumedunduliza miaka sita. Mwaka huu benki imetukubalia mkopo, tukaanza kuzunguka na dalali kila Jumamosi.

Nyumba yenye kiwanja chake hatuiwezi kwa bei za huku, kwa hiyo tunatafuta kondominiamu, fleti ya kununua ndani ya jumuiya yenye umoja wa wamiliki. Tumebaki na mbili.

Ya kwanza iko Germantown. Majengo ya ghorofa tatu, jumla nyumba 48, yalijengwa 1986. Bei ni dola 255,000. Ada ya umoja ni dola 265 kwa mwezi na dalali anatusifia kwamba haijapanda miaka sita. Maji na gesi tutalipa wenyewe. Muuzaji alituonyesha bili zake, maji karibu dola 70, gesi wastani wa dola 95 kwa mwezi. Jiko ni jipya kabisa. Mume wangu alipoliona alinyamaza, na mimi namjua, akinyamaza vile ujue ameshaamua.

Ya pili iko Gaithersburg, nyumba 120, zilijengwa 1989. Bei dola 238,000, lakini ada ni dola 495! Humo ndani mna maji, gesi ya joto na ya maji ya moto, kuzoa takataka na theluji, bima ya majengo na bwawa la kuogelea. Ada yao imekuwa ikipanda kidogo kila mwaka. Jiko ni la zamani, mlango wa kabati moja umefungwa kwa kamba.

Mume wangu anasema: "Tunakimbia kodi, halafu tukalipe karibu dola 500 kila mwezi kwa watu tusiowajua? Na mkopo ukiisha, hiyo bado ipo." Sina jibu. Baba yake alijenga Korogwe miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, na siku alipohamia hakudaiwa na mtu.

Jumatatu tulisaini mkataba wa ile ya Germantown. Alhamisi tukaletewa nyaraka za umoja, kurasa 160. Nimezisoma kazini saa tisa usiku, wazee wakiwa wamelala. Nimeona wana akiba ya matengenezo makubwa ya dola 61,000 na ripoti ya tathmini ya akiba inasema walipaswa kuwa na dola 420,000. Paa limebakiza miaka mitatu. Nikamwomba dalali atafute na za Gaithersburg: wana dola 890,000, walipaswa kuwa na dola 1,100,000. Dalali anasema nisijali, jumuiya nyingi ziko hivyo.

La mwisho, Shangazi. Kila mwezi namtumia mama dola 300, za dawa za presha na za binti anayekaa naye. Mume wangu anasema tukichukua ile ya ada kubwa, itabidi zishuke ziwe 150. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mama wa Wawili, Silver Spring

*

Marahaba, mwanangu.

Nilikuandikia pembeni siku ileile niliyopata barua yako, kwa sababu ulikuwa na siku za kuhesabu. Hapa nakujibu kwa kirefu maana si wewe peke yako. Barua za ada ya umoja ninazo nyingi, na wengi huniandikia wakiwa wameshahamia.

Kwanza hizo siku. Sheria ya kondominiamu ya Maryland inampa anayenunua nyumba kutoka kwa mwenye nyumba mwingine siku 7 tangu apokee nyaraka zote za umoja, avunje mkataba kwa maandishi bila kutoa sababu, na malipo yake ya awali arudishiwe. Nyaraka mlizipata Alhamisi. Kwa hiyo jiko zuri halijawafunga bado. Wanaonisoma kutoka majimbo mengine waulize mwanasheria wa kwao, kwa sababu siku hizo si sawa kila mahali, na kwingine ni chache mno.

Sasa tuchukue kalamu. Mume wako ameweka 265 pembeni ya 495 na akaona 230. Namwelewa, lakini hizo namba mbili hazipimi kitu kimoja. Ya Germantown haina maji wala gesi. Ongeza bili za yule muuzaji: 265, na 70, na 95, unapata 430. Tofauti imeshabaki dola 65.

Halafu bei. Gaithersburg iko chini kwa dola 17,000. Kwa mkopo wa miaka 30 wenye riba ya asilimia 6.5, kila dola 1,000 unayokopa inakugharimu kama dola 6.32 kwa mwezi, hivyo dola 17,000 ni kama dola 107. Toa 65 kwenye 107. Ile nyumba ya ada kubwa inawatoka mfukoni pungufu ya dola 40 hivi kila mwezi kuliko ile ya ada ndogo. Riba yenu ikiwa nyingine, dalali wa mkopo awafanyie hesabu hiyohiyo kwa riba yenu. Ni ya dakika tano. Na fahamuni kwamba benki huihesabu ada kama deni la kila mwezi inapopima mtakopa kiasi gani. Kwa riba hiyo, kila dola 100 ya ada inakula karibu dola 15,800 za uwezo wa kukopa. Ndiyo maana wauzaji wa nyumba zenye ada kubwa hulazimika kushusha bei.

Hapo sijagusa paa, na paa ndilo lililonifanya nikuandikie usiku uleule.

Ukinunua kondominiamu, wewe unamiliki cha ndani ya kuta zako na fungu katika vyote vilivyobaki: paa, ngazi, mabomba ya ukutani, lami ya kuegeshea magari, mifereji. Fungu hilo halikwepeki. Sasa Germantown wana dola 61,000 mahali panapotakiwa 420,000. Ni kama asilimia 14 na nusu. Watu wa kazi hiyo huona chini ya asilimia 30 ni hatari na 70 kwenda juu ni nzuri. Pengo lao ni dola 359,000. Ligawe kwa nyumba 48: kama dola 7,480 kila nyumba. Mgawo wenyewe hufuata asilimia iliyoandikwa kwenye hati ya jumuiya, kwa hiyo wenu unaweza kuzidi au kupungua kidogo, lakini sura ndiyo hiyo.

Si lazima zote zidaiwe paa litakapofika. Paa ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Haya, chukua nusu. Dola 3,740 ndani ya miezi 36 ni kama dola 104 kwa mwezi, juu ya 265, bila maji, bila gesi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Gaithersburg: pengo la 210,000 kwa nyumba 120 ni dola 1,750 kila nyumba, nao wako kwenye asilimia 80 na ushee. Wale wamekuwa wakilipa paa lao kidogo kidogo. Wa Germantown wamekaa miaka sita wakitumia paa bila kulilipa, na sasa wanatafuta mtu wa kuja kulilipa pamoja nao.

Mwanangu, hili nalijua kwa mwili wangu.

Mwaka 2009 nilinunua fleti yangu ya kwanza, ada dola 190. Nyuma ya maegesho kulikuwa na ukuta wa kuzuia udongo wa kilima. Siku ya kwanza kwenda kuiona niliuona ufa, umeanzia chini karibu na mtaro, umepanda kwa pembe mpaka kwenye kiuno changu. Niliingiza kidole. Kiliingia mpaka kwenye pingili ya pili. Mtu alikuwa ameuziba juujuu kwa saruji nyeupe, na saruji yenyewe ilikuwa imeshapasuka. Nikafuta kidole kwenye sketi nikaingia ndani kutazama chumba cha kulala.

Kila mwaka bodi ilituita kwenye chumba cha kufulia, tukakaa juu ya mashine na viti vya plastiki. Kila mwaka waliogombea waliahidi jambo moja: ada haitapanda. Nami nikanyoosha mkono kuwachagua, miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne ilikuja bahasha. Ukuta umeanza kuegemea magari, mhandisi ameagiza ubomolewe, kila nyumba dola 6,800, ndani ya siku 60, au kwa mafungu ya miezi 12 pamoja na riba. Sisi tumezoea michango: harusi, msiba, kitchen party. Mchango ule hauna kamati ya kuiomba ikupunguzie. Jirani yangu, bibi mjane aliyekuwa akiishi kwa pensheni, alikaa jikoni kwangu na ile karatasi, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti. Aliuza nyumba yake kabla ya mwaka kwisha. Kura zangu tatu zilikuwemo humo, na mpaka leo nikimkumbuka nasikia uchungu. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale tuliujenga, tena kwa saruji na nondo.

Huo ni ukuta wa maegesho. Tarehe 24 Juni 2021, huko Surfside, Florida, jengo la kondominiamu la ghorofa 12, Champlain Towers South, lilianguka usiku watu wamelala. Walikufa watu 98. Sababu za kuanguka kwake ni za kihandisi, na sitamwekea mtu lawama. Lakini ni jambo la kumbukumbu ya umma kwamba mhandisi alikuwa ameandika kuhusu uharibifu mkubwa wa zege tangu 2018, kwamba akiba ya jengo ilikuwa ndogo kupita kiasi mbele ya kazi iliyokuwapo, na kwamba wamiliki walivutana kwa miaka juu ya gharama mpaka wakapitisha mchango wa dola kama milioni 15, ambao wengine ulikuwa unawadai laki moja, wengine zaidi. Jengo lilianguka mchango ukiwa ndiyo unaanza kudaiwa. Baada ya hapo majimbo yaliamka. Florida ilipitisha sheria ya ukaguzi na akiba 2022, na mwaka huohuo Maryland ikalazimisha jumuiya za jimbo zima zifanye tathmini ya akiba na kuirudia angalau kila miaka 5. Ile ripoti uliyoisoma saa tisa usiku ni tathmini ya namna hiyo. Dalali anaposema jumuiya nyingi ziko hivyo, anasema kweli. Hiyo si sababu ya kuingia.

Hata hivyo usiniambie Shangazi kasema ada kubwa ni nzuri. Kuna jumuiya ada yake ni dola 600 na akiba haina kitu, fedha zote zinamezwa na kampuni ya usimamizi, mawakili na bwawa linalovuja. Na hiyo 495 haitabaki 495. Ikipanda asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka mitano itakuwa kama dola 600. Bima ya majengo imekuwa ikipanda sehemu nyingi za Marekani, na gesi iko ndani ya ada, kwa hiyo majira ya baridi kali yatawafikia hata kama nyinyi wenyewe mnavaa sweta ndani. Wekeni 600 kwenye bajeti yenu leo. Ikiwabana, basi hiyo nyumba si yenu, hata ikiwa na akiba ya almasi. Asiyelipa ada, umoja una uwezo wa kuandikisha deni juu ya nyumba yake, na deni hilo linaweza kuishia kwenye nyumba kuuzwa, hata kama benki analipa kila mwezi.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Umetaja gari la kazi. Jumuiya nyingi za huku zinakataza magari ya biashara kulala ndani, hasa yenye maandishi ubavuni au ngazi juu ya paa. Nimeshaona baba wa watu anaegesha gari lake nusu maili, anatembea kwenye barafu saa kumi na moja alfajiri kwenda kulichukua, kwa sababu alisoma bei na hakusoma kanuni. Tafuta ukurasa wa maegesho kwenye nyaraka zote mbili kabla ya kitu kingine chochote. Soma na kanuni za wageni wa kukaa muda mrefu, kwa maana mama akipata viza atakuja kukaa miezi sita, na hutaki kuandikiwa barua kwa ajili yake.

Halafu uliza wangapi wana deni la ada la zaidi ya siku 60. Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, na ambalo benki nyingi hufuata masharti yake, halinunui mikopo ya jumuiya ambayo wadaiwa wa namna hiyo wamezidi asilimia 15 ya nyumba. Germantown wana nyumba 48. Wakifika wadaiwa 8, wamevuka. Hapo hata benki yenu inaweza kurudi nyuma dakika ya mwisho, na ikiwakubalia, siku mkitaka kuuza, mnunuzi wenu anaweza kukataliwa. Omba pia kumbukumbu za vikao vya bodi za mwaka mmoja. Usisome kwa mpangilio, tafuta maneno: kuvuja, mhandisi, kesi, mkopo, bima. Neno likijirudia vikao vitatu bila uamuzi, hilo ndilo jiko halisi la nyumba hiyo.

Na nenda Gaithersburg mvua ikinyesha, bila dalali. Simama chini ya mifereji uone maji yanakwenda wapi. Panda ngazi mpaka juu, tazama dari ya ukumbi kama ina madoa ya rangi ya chai. Ukimkuta mwenyeji anatoa takataka, msalimie, mwulize lini mara ya mwisho alidaiwa mchango nje ya ada. Watu husema.

Mume wako. Naomba usiende kwake na karatasi yangu ukamwambia umeshindwa. Anachokisema kina ukweli: ada haina mwisho, na haipunguziwi kodi ya serikali kwa nyumba mnayoishi wenyewe. Mwulize tu nyumba ya Korogwe bati lilipotoboka nani alituma hela. Sitashangaa ukisikia ni yeye. Baba yake hakudaiwa na mtu kwa sababu kila kilichoharibika alikitengeneza mwenyewe, na alipochoka kilisubiri mtoto aliye Marekani. Ada ni hela hiyohiyo, ila huku inatozwa mapema, na majirani mkiwa 120 pamoja. Mtu aliyezoea kufungua mashine akaona ndani, mpe ripoti za akiba mbili aziweke mezani. Fundi wa viyoyozi anajua vizuri kifaa kisichofanyiwa huduma miaka sita kinavyokuwa, hata kiwe kimepakwa rangi mpya.

Kwa hesabu ulizonipa, ningevunja ule mkataba wa Germantown ndani ya siku zile, na ningeifuata Gaithersburg, kwa sharti kwamba kanuni ya gari ni nzuri na wadaiwa ni wachache. Kanuni ya gari ikiwa mbaya, mrudi Silver Spring mkapange mwaka mmoja zaidi. Si fedheha. Fedha mlizodunduliza miaka sita haziozi.

Na mama. Umeona mwenyewe kwamba 495 haiwalazimishi kupunguza hata shilingi moja ya mama. Iliyokuwa inamnyemelea ni ile 265, siku bahasha ingefika. Mwandike kwenye bajeti mstari wa juu kabisa, pamoja na mkopo na ada, dola 300, jina lake. Asikae kwenye mstari wa mwisho wa "kikibaki". Halafu mnunue bima ya ndani ya fleti, ile ya mwenye kondominiamu, na mhakikishe ina kifungu kinachosaidia umoja unapowadai mchango baada ya janga lililokatiwa bima. Kifungu hicho hakigharimu sana. Paa lililochakaa kwa uzee hakilipi, mjue hilo pia.

Jikoni, ule mlango wenye kamba unataka bawaba moja mpya. Mume wako ataimaliza Jumamosi asubuhi.

Ukiupata ukurasa wa maegesho, upige picha unitumie, niusome kabla hamjasaini.

Shangazi